Ukinunua ploti yenye wapangaji, uliza dipositi iko wapi

Wengi wetu hapa Nairobi tukitafuta ploti ya kupangisha, hoja ni bei na hatimiliki tu. Wapangaji wanahesabiwa pamoja na jengo, kama tangi la maji juu ya paa. Lakini mikataba yao unainunua pia, na pesa walizoweka zinakufuata.

Tuseme ni bedsita 20 kule Kasarani, kila moja 9,000 kwa mwezi, na kila aliyeingia aliweka dipositi ya mwezi mmoja. Hizo ni 180,000. Mwenye ploti alizipokea, na usishangae kusikia zilikwisha zamani kwa karo. Mpangaji akihama mwaka ujao, mlango atakaobisha ni wako. Kwa hivyo mwambie wakili aandike kwenye mkataba wa mauzo kwamba dipositi zote zitakatwa kwenye bei, na kodi ya mwezi wa kukabidhiana igawanywe kwa siku.

Orodha ya wapangaji usiichukue kwa broka. Niliponunua yangu, niliyoletewa ilikuwa imechapwa vizuri, kila nyumba imejaa, kila mtu analipa. Daftari la keateka, lenye jalada lililochakaa, lilisema mengine: huyu aliingia na nusu dipositi, yule amelipa kodi ya miezi mitatu mbele, na ghorofa ya juu kabisa anakaa binamu wa muuzaji ambaye hajawahi kutoa hata shilingi. Tulilinganisha mstari kwa mstari, na bei ikabidi ishuke.

Maduka ya chini ndiyo huwatoa watu jasho. Mwenye duka asiye na mkataba wa maandishi, au mwenye mkataba usiozidi miaka mitano, analindwa na sheria. Humpandishii kodi wala humfukuzi bila notisi rasmi ya angalau miezi miwili, na akiipinga mnakutana mbele ya jopo la kodi za majengo ya biashara. Kama hesabu yako inategemea kumtoa kinyozi ili uweke duka la dawa, ifanye upya.

Pesa nazo: asilimia 10 ya bei, ile ya kwanza, ikae kwa wakili, kwa masharti yaliyoandikwa, wala isiingie kwenye simu ya muuzaji hata akilia. Salio lisitoke kabla wakili wako hajashika hatimiliki yenyewe, fomu ya uhamisho iliyotiwa saini, idhini ya mume au mke, na vyeti kwamba kaunti haidai na kodi ya ardhi imelipwa. Sachi, yaani upekuzi wa rekodi za ardhi, ifanywe upya wiki ya kulipa, maana ya miezi mitatu iliyopita haikuonyeshi mkopo wa jana. Kama ardhi ni ya lisi, yaani imekodishwa kwa miaka maalum, hesabu miaka iliyobaki.

Ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4 ya thamani anayotoa mthamini wa serikali, na unalipa wewe. Muuzaji ana kodi yake ya faida, asilimia 15 tangu 2023.

Mkishamaliza, wewe na muuzaji mtie saini barua moja kwa wapangaji, yenye namba mpya ya kulipia kodi na tarehe ya kuanza. Keateka aipeleke mlango kwa mlango, kila mtu atie saini kwamba ameipata.