Una Divisheni 4 na unataka uuguzi? Anza na Fizikia

Wadogo zangu mnaonitafuta kila matokeo yakitoka, mimi kidato cha nne nilipata Divisheni 4 ya pointi 27. Kiswahili C, halafu D sita, na Fizikia F. Leo nina leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga na nipo wodini, hapa hapa Tanga.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuililia divisheni. Stashahada ya uuguzi na ukunga inadai ufaulu wa masomo manne kuanzia D, ya dini hayahesabiwi, na ndani yake lazima ziwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Hesabu na Kiingereza ni nyongeza nzuri tu. Mwenzangu wa Divisheni 3 naye Fizikia ilimwangusha, na wote wawili tukabaki nje. Basi shika matokeo yako, tazama hayo matatu kwanza. Lililoanguka ndilo la kurisiti, yaani kurudia mtihani wake.

Mimi nilirisiti Fizikia peke yake, kama mtahiniwa wa kujitegemea. D inaanzia alama 30, lakini usisomee 30, maana ukiteleza kidogo umerudi kwenye F. Nyumbani Ngamiani, kujifunza pendulumu, nilifunga jiwe kwenye uzi, nikalining'iniza kwenye fremu ya mlango. Mdogo wangu anahesabu mabembeo 20, mimi nashika saa ya simu. Nafupisha uzi, tunahesabu tena, naandika. Mama akitoka na sufuria anainama, anapita chini ya uzi, hasemi neno. Wiki nzima mlango ulikuwa wangu. Nilipata C.

Na msidhani Fizikia inaishia mlangoni mwa chuo. Dripu ya mililita 1,000 iingie kwa saa 8, mpira wake unatoa matone 20 kwa mililita: ni matone 20,000 kugawa kwa dakika 480, takribani 42 kwa dakika. Unasimama kando ya kitanda, jicho kwenye saa, unahesabu. Ukikosea, anayeumia ni mgonjwa.

Jambo jingine linaniuma sana. Kuna watu wanawazungukia wazazi wakisema wana "nafasi" chuoni, toa hela kidogo mtoto aingie. Mama yangu aliuza cherehani kwa maneno hayo, na nafasi haikuwepo. Kabla ya kulipa hata senti, tazama chuo hicho kwenye orodha ya NACTVET, baraza la taifa linalosajili vyuo vya aina hii, na hakikisha kozi yenyewe imeandikwa pale, kwa sababu chuo kinaweza kuwa na usajili wa kozi nyingine, siyo uuguzi.

Ukipata D yako, utakuwa na namba mbili za mtihani: ya shule inayoanza na S, na ya kujitegemea inayoanza na P. Zitunze zote mbili, jina liwe moja herufi kwa herufi na lile la cheti cha kuzaliwa. Usajili wa kurisiti hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka, na anayechelewa hulipa faini. Nenda kwenye kituo cha mtihani mapema.