Uliza Mwalimu: Pacha, mafiga na chupa za soda, kumwanzishia mtoto kinanda nyumbani

Likizo ya mwezi wa 6 imefika na meseji zimejaa, karibu zote za wazazi na karibu zote zinauliza kitu kimoja, mtoto anapenda muziki, nyumbani kinanda hakuna au kipo kidogo, tufanyeje. Nimechukua tano nizijibu, hii ya kwanza nitakaa nayo kidogo kwa sababu najua iko kwenye nyumba nyingi.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi naishi Pasua hapa Moshi, nina wawili, wa miaka 7 na 5. Kila Jumapili ibada ikiisha tu wanakimbilia kinanda cha kwaya, na kila Jumapili wanafukuzwa, eti wataharibu. Nimeulizia bei ya kinanda nikarudi nimeshika kichwa. Kuna michezo naweza kuwatengenezea hapa nyumbani wakaanza kujua nota au lazima nisubiri mpaka nipate hela? Mama wawili, Pasua.

JIBU: Marahaba mama wawili. Usisubiri, anza jioni ya leo.

Tafuta boksi kubwa dukani kwa mangi, maka peni nyeusi na rula. Chora vitufe vyeupe 15 vimepangana, kila kimoja upana sentimita 2 na milimita 3 au 4 hivi, urefu sentimita 15. Usiwachoree vipana sana kwa kuwaonea huruma, hicho ndo kipimo cha kinanda cha kweli na mkono unazoea umbali mapema. Afu vyeusi, na hapa ndo siri yote ilipo, vyeusi havijapangwa hovyo, vinakuja viwili, halafu vitatu, halafu viwili, halafu vitatu, hivyo hivyo mpaka mwisho. Hata piano kubwa yenye vitufe 88, vyeupe 52 na vyeusi 36, ni mchoro huo huo unajirudia. Mi watoto wangu nawaambia wale wawili ni pacha na wale watatu ni mafiga. Mtoto yeyote aliyewahi kuingia jiko la bibi anajua mafiga ni matatu, huna haja ya kumweleza mara ya pili.

Sasa majina. Kitufe cheupe kilichobanana kushoto kwa pacha ni C. Aliyekaa katikati ya pacha ni D. Kulia kwa pacha, E. Kushoto kwa mafiga ni F, ndani ya mafiga mna G na A, kulia kwa mafiga B, na baada ya B unarudi kwa pacha wengine unaanza C tena. Usiandike herufi kwenye boksi! Chukua vizibo 7 vya soda, andika herufi kwa ndani, tia kwenye kopo, tikisa. Mtoto anachota kizibo bila kuangalia, akipata F lazima aguse F zote zilizopo kwenye boksi kabla mwenzake hajahesabu mpaka kumi. Yule wa miaka 5 mwanzishie na C na F tu, wiki nzima, hamna haraka. Wakishazoea ichoreni kwa chaki uani, kubwa ya kuruka, unaita "nje ya mafiga, kulia!" wanaruka B.

Lakini boksi lina shida moja na nisipokwambia nitakuwa nimekudanganya, halina sauti. Mtoto anaweza kujua kila herufi ilipo na asijue inaliaje, na huo bado sio muziki, hiyo ni ramani. Ndo maana nataka utafute chupa 5 za soda za kioo, za aina moja zote. Jaza maji viwango tofauti, gonga taratibu kwa kijiko cha mti. Ukigonga, yenye maji mengi inalia chini, yenye maji machache inalia juu. Kwa hiyo do ndo inabeba maji mengi, sol machache. Kuzipanga zikae sawa kunataka subira, imba do re mi fa sol kama mnavyoimba kwaya, gonga, sikiliza, ongeza maji kwa kijiko cha chai, gonga tena. Kama una simu yenye nafasi, pakua programu ya kinanda ya bure ikusaidie kulinganisha. Hizo 5 zinatosha, kwa sababu ni vidole 5 vya mkono mmoja na nyimbo nyingi za watoto zinaingia humo humo.

Kuna mmoja hapa kwangu, mtoto mkimya sana, siku moja akaacha kugonga akaanza kupuliza mdomo wa chupa. Akapuliza do, akapuliza sol, akaniangalia. Akarudia tena. Afu akasema, "mwalimu, zimegeuka." Na kweli zimegeuka, ukipuliza kinacholia ni hewa iliyobaki juu ya maji, kwa hiyo yenye maji mengi ina hewa fupi na inalia juu, wakati ukigonga kinachotetemeka ni kioo pamoja na maji yake na maji yanaizidishia uzito. Hakuna aliyemfundisha, aliisikia mwenyewe. Mwache mtoto apate nafasi ya kusikia kitu kabla hujampa jina lake.

Na umeme ukikatika ndo mchezo mzuri kuliko yote, kaeni gizani, wewe imba sauti mbili, ya pili ikipanda wanasimama, ikishuka wanachuchumaa, ikibaki pale pale wanatulia. Anza na do na sol zilizoachana mbali, baadae sogeza mpaka mi na fa zilizobanana. Utashangaa yule mdogo anavyomshinda mkubwa.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mzee wa Tengeru, nimeimba besi miaka mingi kwa d r m, yaani do re mi. Mjukuu wangu wa kike anajifunza piano shuleni na anasema do ni C. Mimi najua do inahama, kwenye karatasi zetu juu kabisa unaandikiwa Doh ni G, Doh ni F. Nani kati yetu amekosea? Na ninawezaje kumsaidia bila kumchanganya? Babu, Tengeru.

JIBU: Shikamoo babu. Hamna aliyekosea, na mjukuu amebahatika sana kuwa na wewe.

Kuna njia mbili duniani. Ipo ya do isiyohama, do ni C siku zote, Ufaransa na Italia wanatumia hiyo. Na ipo yenu ya do inayohama, hii ilianzia Norwich kule Uingereza kwa mwalimu mwanamke anaitwa Sarah Glover, akaja mchungaji John Curwen kwenye karne ya 19 akaiboresha na kuieneza ili watu wa kawaida na watoto waweze kuimba bila kwanza kusoma mistari mitano ya kuandikia nota, na wamisionari wakaibeba mpaka huku kwetu. Silabi zenyewe ni za zamani zaidi, za mtawa wa Italia Guido wa Arezzo karne ya 11, aliyezitoa kwenye mianzo ya mistari ya wimbo wa Kilatini, na wakati huo do ilikuwa inaitwa ut. Hata ile "ti" mnayoimba zamani ilikuwa "si", ikabadilishwa kwa sababu kwenye karatasi s ya sol na s ya si zilikuwa zinagongana.

Sasa mtengenezee mjukuu rula ya kuhama, ni kipande cha boksi tu babu. Kata ukanda mrefu, gawa vyumba 25 vya sentimita 2 kila kimoja, vyote sawa. Anzia C ukihesabu na vyeusi, yaani chumba cheupe, cheusi, cheupe, cheusi, cheupe, cheupe (hapo ndo E na F zilipokutana bila cheusi katikati), cheusi, cheupe, cheusi, cheupe, cheusi, cheupe, halafu C nyingine, rudia mpaka mwisho. Ukanda wa pili mfupi, vyumba 13, andika d, acha kimoja, r, acha kimoja, m, f bila kuacha, acha kimoja, s, acha, l, acha, t, na d ya juu bila kuacha. Ukiuweka ukanda mfupi d ikiwa kwenye C, herufi zote zinaangukia vyeupe. Sogeza d ikae kwenye G, mwambie mjukuu aangalie t imeangukia wapi. Imeangukia cheusi, F shapu, yaani cheusi cha kulia kwa F. Sogeza d kwenye F, sasa f ndo imeangukia cheusi, B flati, yaani cheusi cha kushoto kwa B. Wewe uimbe, yeye afuatishe kwenye ukanda kwa kidole. Hapo ameelewa kwa nini skeli (ngazi ya nota kutoka d mpaka d) ya G ina shapu moja na ya F flati moja, kitu ambacho wakubwa wengi wanakikariri tu bila kujua kimetoka wapi.

Na babu, angalia kitu kimoja kidogo kinachowasumbua sana watoto wetu, mwalimu akitamka jina la nota E kwa Kingereza mtoto anasikia "i" anaandika I, akitamka A mtoto anasikia "ei" anaandika E. Nimeona daftari limejaa makosa ya hivyo na mtoto anaitwa mzito, kumbe masikio yake ni mazima kabisa, tatizo ni lugha mbili zimegongana. Kubalianeni nyumbani matamshi ya aina moja. Na mistari mitano muwekee kwa Kiswahili, kuanzia chini, E G B D F: Eti Gari Bovu, Dereva Fundi. Nafasi zake F A C E: Fisi Ana Chapati, Eeh! Watoto wangu ndo wametunga hizo na hawajawahi kuzisahau. Hiyo ni kwa ile alama ya G ya sauti za juu tu, ya besi ina mpangilio wake, na hiyo nadhani babu utamtungia wewe mwenyewe.

SWALI: Mwalimu habari, nimembandikia mwanangu stika za herufi kwenye kinanda, anapiga vizuri sana. Shemeji yangu anasema nibandue. Nibandue? Mama wa Njiro, Arusha.

JIBU: Nzuri dada. Bandua. Nilikuwa na kijana anapiga nyimbo tatu safi kabisa nyumbani kwao, siku ya kupiga mbele ya watu kinanda kilikuwa kingine, hakina stika, akakaa pale mikono mapajani hajui aanzie wapi, akashuka analia na mimi mwalimu wake ndo nilikuwa nimeziruhusu. Iliniuma. Kama unaogopa kubandua zote acha ya C ya katikati tu, kwenye kinanda cha vitufe 61 ni C ya tatu ukihesabu kutoka kushoto, zingine azitafute kwa pacha na mafiga.

SWALI: Mwalimu za leo, kijana wangu miaka 9 nota anazijua ila hana mapigo, penye urahisi anakimbia, penye ugumu anasimama. Baba J, Sakina.

JIBU: Nzuri kaka. Hilo halitibiwi ukiwa umekaa kwenye kiti, mtoe nje aruke kamba. Kamba haimsubiri mtu. Waruke huku wanaimba ule ule wimbo anaojifunza, kila kamba ikigusa chini ni pigo moja, akishindwa kuimba mwendo ule basi ni dalili alikuwa anaupiga haraka kuliko anavyoujua, punguzeni mwendo wa kamba.

Urefu wa nota mfundishe na chapati, na naomba iwe chapati ya kweli ya moto. Chapati nzima ni semibrivu, mapigo 4. Nusu ni minimu, 2. Robo ni krocheti, 1. Robo ukiikata tena kati ni kweva, nusu ya pigo. Sahani inabeba chapati moja kamili tu, ajaze anavyotaka, nusu na robo mbili, au robo tatu na vipande viwili vidogo, ila haruhusiwi kula mpaka apige makofi kile alichokipanga. Vitabu vya Ulaya vinatumia maneno ya silabi moja kwa krocheti, sisi hatuna mengi, kwa hiyo mi natumia "pa" kwa pigo moja, "pa-a" ya kuvuta kwa mawili, "ndi-zi" kwa kweva mbili, na "ma-ha-ra-ge" kwa pigo likigawanywa mara nne. Pa, pa, ndizi, pa. Maharage, pa, ndizi, pa. Na wewe piga nae meza, asipige peke yake.

SWALI: Wangu ana miaka 4, vidole vyake vinalala vyote. Mama K, Kiboriloni.

JIBU: Miaka 4 mama bado mdogo sana, vitalala na hamna ubaya. Mpe chungwa dogo alikumbatie kwa vidole, mlitoe taratibu mkono ubaki na umbo lile lile, huo ndo mkono wa kinanda. Chora viganja vyake kwenye karatasi, gumba ni 1 mpaka kidole cha mwisho 5, mikono yote miwili, afu mcheze kuokota kokoto kwa namba, "1 na 3!", "1 na 5!" Dakika 10 zinatosha. Akianza kukutupia kokoto basi kwa leo amemaliza.

Na kwa wale mlioniuliza walimu wa kweli wanapatikana wapi, ukiwa upande wa Arusha chuo kikuu cha Makumira pale Usa River kinafundisha muziki mpaka digrii, nendeni mkaulize kama kuna mwanafunzi anayeweza kufundisha watoto. Moshi anzeni na mpiga kinanda wa kwaya yenu, yule yule anayewafukuza. Mwende nae taratibu, mama wawili, mpelekee watoto na boksi lao wamwonyeshe pacha na mafiga, afu umwombe dakika 5 baada ya ibada, mikono ikiwa imenawishwa.