Muulize Shangazi: Nilete nini cha kula kutoka Maskati?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi niko Tanga, mwishoni mwa mwezi wa saba naenda Maskati siku kumi kwa binamu yangu aliyeolewa huko. Ni mara yangu ya kwanza kutoka nje ya nchi na naona mtaa mzima unanisubiri, hata jirani kashaniambia "usitusahau". Nguo na manukato siyawezi, hela haitoshi, nikaona bora nilete vitu vya kula kila mtu aonje. Nyumbani tuko nane, mama ana sukari, ofisini tuko kumi na wawili, na tiketi yangu ni kilo 30 tu. Ninunue nini, maana naogopa nisije nikabeba vitu ambavyo hata Kariakoo vimejaa? — Msafiri, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa safari. Hofu yako ya Kariakoo ni ya kweli kabisa, nimeshaona watu wanarudi na makopo ya chokoleti na biskuti ambazo zinauzwa supamaketi ya hapahapa, na ukishuka pale soko la Mutrah utakutana na karafuu, mdalasini na pilipili manga zimepangwa kwenye vifuko vizuri vya kuvutia. Ziangalie upite. Oman hawalimi karafuu, wewe ndiyo unatoka kwenye nchi ya karafuu, sasa ya nini kuilipia riali halafu uibebe kuirudisha nyumbani?

Halua ndiyo ya kwanza. Ya Unguja unaijua, hii ni ndugu yake, ila haifanani kama wengi wanavyodhani. Wanapika kwenye sufuria kubwa la shaba, wanga, sukari, samli, iliki, zafarani na marashi ya mawaridi, na inakorogwa bila kuachwa saa mbili na zaidi. Kuna ya zafarani, hiyo ina rangi ya kahawia yenye wekundu, halafu kuna nyeusi ya sukari guru ambayo mimi naipenda zaidi kwa sababu utamu wake hauchomi koo. Nenda duka linalouza halua peke yake, mwambie binamu akupeleke pale wanaponunua wao wakipata wageni. Muuzaji atakupa kijiko uonje, usione haya, onja zote. Nzuri inateleza mdomoni na samli unaiona inang'aa juu, ukibonyeza na kijiko inarudi. Uliza imepikwa lini. Inakaa wiki nyingi bila friji, hilo lisikutie wasiwasi, ila wewe nunua siku ya mwisho au ya kabla yake.

Nakusisitizia kuonja kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kukosea. Safari yangu ya kwanza nilichelewa, nikanunua eapoti mkebe wa rangi ya dhahabu, mzito, umechorwa vizuri, nikajua hapa mama atafurahi. Tumefika, tumekaa wote, kahawa imemiminwa, kijiko hakiingii, pembeni sukari imeganda imekuwa kama chumvi ya mawe. Mama alimega kidogo akatafuna, akasema "ahsante mwanangu", akafunika. Hakuuliza zaidi na mimi sikusema kitu, lakini ile sauti ya kijiko kugonga naisikia mpaka leo, kwa hiyo ukiniona nang'ang'ania uonje kwanza ujue ndiyo sababu.

Jingine, halua na asali usiweke begi la mkononi. Kwenye ukaguzi vinahesabika kama vitu vya majimaji na mwisho ni mililita 100, chombo kikizidi hapo kinabaki kwenye meza yao. Weka begi la chini, funga na seloteipu, viringisha na nguo.

Tende sasa, hapa una bahati maana mwezi wa saba ndiyo msimu. Watu wa huku wengi tunaijua tende kavu ya Ramadhani, lakini wewe utakuta rutabu, zile mbivu laini zinazoyeyuka, za khalasi za rangi ya asali, na khunaizi ambazo ni nyekundu kwa weusi. Kula kule ushibe, halafu chukua kama kilo mbili za nyumbani, mwombe binamu aziweke kwenye friza usiku kucha, zipakie asubuhi ya safari, flaiti ya moja kwa moja mpaka Dar ni saa tano na ushei tu zitafika ziko salama, ila ukifika usilaze, ingiza kwenye friji. Za ofisini chukua fardhi, ni ngumu kidogo, nyeusinyeusi, hazimwagi maji wala hazihitaji friji, kilo mbili zinatosha watu kumi na wawili na kila mmoja anapata zaidi ya kumi. Ukibahatika kukuta zile tende za manjano ambazo huchemshwa kabla hazijaiva halafu zikaanikwa juani, nunua kidogo kwa ajili ya watoto, zinatafunwa kama pipi.

Sasa mama. Naomba hapa unisikilize vizuri kwa sababu ndipo watu wengi tunapokosea, tunamletea mgonjwa wa sukari tende na halua tunamwambia "onja tu kidogo mama", na yeye kwa kutotaka kukuvunja moyo anakula. Mwache daktari wake aseme kiasi gani anaruhusiwa, wewe mletee kitu chake mwenyewe ambacho wengine ndio watakiomba kwake. Mimi ningemletea ndimu kavu. Ni ndimu ndogo zilizochemshwa kwenye maji ya chumvi zikaanikwa mpaka zikawa nyepesi kama pumba, nyeusi au kahawia, ukiitikisa unasikia kitu kinacheza ndani. Ivunje moja palepale sokoni uinuse: ndani nyeusi tii, harufu ya uchachu uliochanganyika na moshi hivi, mate yanakujaa. Inatobolewa matundu mawili matatu inatupwa kwenye mchuzi wa samaki au biriani, au unaivunja unatoa mbegu (mbegu zinaleta uchungu, asizisahau) unachemsha kama chai. Robo kilo ni nyingi sana na haina uzito. Kwa mtu wa Tanga anayejua samaki hiyo ni zawadi kubwa kuliko mkebe wowote.

Muongezee chupa ya marashi ya mawaridi ya Jebel Akhdar. Mawaridi yanachumwa huko mlimani kuanzia kama mwezi wa tatu mpaka wa tano, kwa hiyo wewe utakuta ya mwaka huohuo. Ya kienyeji ina rangi kama chai hafifu na inanukia moshi kwa mbali, usidhani imeharibika, ndivyo inavyopikwa. Ile nyeupe pe kama maji nayo ni nzuri kwa keki, lakini kwenye kahawa ya mama isiyo na sukari ile ya moshi ndiyo yenyewe.

Zafarani nunua gramu chache tu kwa mtu unayemwamini, nyingi inayouzwa kule imetoka Iran na ni nzuri, ila za uongo nazo zipo. Weka nyuzi mbili tatu kwenye maji ya uvuguvugu usubiri. Ya kweli inatoa manjano polepole na uzi unabaki mwekundu, ya kupaka rangi inamwaga wekundu mara moja na uzi unabaki mweupe. Asali ya mkunazi ni tamu ajabu lakini bei yake itakula bajeti yote, na sisi tuna asali ya Tabora, kwa hiyo mimi ningeiacha.

Kuhusu bei usiogope, Maskati utakuta watu wengi wanazungumza Kiswahili, familia zao zilikaa Unguja na Pemba zikaondoka, wengi baada ya 1964, na mzee mmoja akishajua umetoka Tanga ataanza kukuuliza habari za huku kabla hata hamjafika kwenye bei. Na mifuko ya plastiki ya kubebea usirudi nayo, Tanzania imepiga marufuku tangu 1 Juni 2019, nenda na vikapu vyako viwili vya ukili, ukitaka mwachie binamu kimoja.

SWALI: Shikamoo Shangazi, mimi naishi Hamburg na wanangu, mwaka huu tunakuja likizo Unguja, nataka kurudi Ujerumani na dagaa, maembe, samli na mishikaki mibichi niliyoitia viungo niigandishe. Vitapita? — Mama Wawili

JIBU: Marahaba mwanangu. Mishikaki na samli viache, nyama na vitu vya maziwa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya haviruhusiwi kuingia kwenye begi la msafiri, hata ugandishe vipi. Dagaa wakavu beba, samaki wanaruhusiwa mpaka kilo 20 kwa mtu, wafunge mara tatu nguo zisinuke. Asali mwisho kilo 2. Matunda mabichi yanataka cheti cha afya ya mimea isipokuwa matano tu, nanasi, ndizi, nazi, tende na doriani, kwa hiyo doriani la hapo Unguja likiwa msimu unaweza kulibeba kisheria, ila harufu yake uulize shirika la ndege kwanza. Embe halimo kwenye hayo matano. Nunua fungu zima asubuhi ya safari, wakalishe watoto barazani kwa bibi yao, wale mpaka viwiko vichuruzike, ndipo muende eapoti.