Maswali na majibu: Umeipandisha pikapu, sasa haishiki njia

Mwezi huu barua karibu zote zina mgonjwa mmoja: pikapu iliyonyanyuliwa, inayopendeza ikiwa imeegeshwa, na inayopepesuka ikifika lami. Nimechagua chache.

Nina Land Cruiser 79 ya injini ya 1HZ. Nimeweka koili na shokapu za kupandisha inchi 2. Ikifika kilomita 80 kwa saa inayumba kushoto na kulia, mikono haipumziki. Fundi anataka tubadilishe boksi ya steringi. (Arusha)

Boksi iliyokuwa nzima Ijumaa haifi Jumamosi kwa sababu umebadilisha koili. Kilichokufa ni kasta, yaani pembe ya kulala nyuma kwa kingpini, zile pini ambazo tairi za mbele hugeukia.

Ekseli ya mbele ya 79 inashikwa na mikono miwili iliyofungwa kwenye chasi kwa nyuma. Ukiinua chasi, mikono hiyo inainama na kuizungusha ekseli, na kingpini zilizokuwa zimelala kidogo kuelekea nyuma zinasimama wima. Tazama uma wa mbele wa baiskeli ya Phoenix: umelala, ndiyo maana mtu anaendesha huku ameachia mikono. Hesabu ya gereji ni kwamba kila inchi 1 ya kupandisha inakula karibu digrii 1 ya kasta. Ukianza na digrii 3 hivi, umebaki na 1, na kama bushi zimechoka hata hiyo 1 usiitegemee.

Dalili zake hazifanani na za plei. Kasta ikipungua, usukani unakuwa mwepesi, haurudi wenyewe baada ya kona, na gari linafuata kila mfereji uliochimbwa na malori. Plei ni pale unapozungusha usukani na tairi hazina habari.

Nenda kwenye mashine ya alaimenti (inayopima pembe za tairi) na udai karatasi yenye namba ya kasta, kulia na kushoto. Usikubali kuambiwa "iko sawa". Ekseli hii haina bolti ya kurekebishia kasta, kwa hiyo wengi wanagusa toini tu (kiasi tairi za mbele zinavyokaribiana kwa mbele kuliko kwa nyuma) na kukutoza hela kamili. Unachotafuta ni digrii 3 hadi 4, na tofauti ya pande mbili isizidi nusu digrii.

Kwa inchi 2, dawa ni bushi ambazo tundu lake halipo katikati. Zinakuja 4, mbili kwa kila mkono, upande wa ekseli. Zitolewe na kuingizwa kwa presi, si kwa moto na nyundo. Bushi hizo zina alama ya mwelekeo, na hapo ndipo kazi inapoharibika: zikiingia kichwa chini, badala ya kuongeza digrii 2 zinapunguza 2, na gari linatoka gereji likiwa baya kuliko lilivyoingia. Kama ni za mpira, bolti zikazwe mwisho kabisa gari likiwa limesimama kwa tairi zake. Ukizikaza ekseli ikiwa inaning'inia, mpira unabaki umejisokota na utachanika mapema. Kisha rudi kwenye alaimenti, maana toini nayo imehama.

Ukipita inchi 3, bushi peke yake hazitoshi. Unahitaji mabano ya kushusha mikono au mikono mipya. Na ujue bei yake: kadiri unavyozilaza kingpini nyuma, pua ya difu ya mbele inainama, na propela shafti inaweza kuanza kuvuma ukiingiza four-wheel. Kwa inchi 2 wachache sana wanaona tofauti.

Nikipita kwenye shimo au tuta kwa kasi ya 70, usukani unatetemeka kama unataka kung'oka mpaka nisimame. Nifunge shokapu mbili za steringi badala ya moja? (Nakuru)

Hapana. Na hili nimelijibu mara nyingi kiasi kwamba naanza kuamini wauzaji wa shokapu za steringi ndio wanaoandika barua hizi.

Huko si kuyumba, ni ugonjwa mwingine: kuna kitu kimelegea, na shimo linakiamsha. Shokapu ya steringi inaficha kelele huku kitu chenyewe kikizidi kuliwa. Ifungue kabisa iliyopo, kisha utafute. Tairi zikiwa chini na injini ikiwaka, mtu mmoja azungushe usukani nusu robo kushoto na kulia, harakaharaka, mwingine alale pembeni atazame. Aanze na rodi ya Panhard, ile inayoizuia ekseli isihame pembeni. Mwisho wake ukicheza hata milimita 1 kwenye bano kabla ekseli haijasogea, umempata mwizi. Mara nyingi tundu la bolti limeshakuwa yai, na kukaza bolti hakulirudishi kuwa duara. Ama lichomelewe na kutobolewa upya, ama libadilishwe bano.

Kisha piga jeki, shika tairi juu na chini, uitikise. Ikicheza, mwambie mwenzako akanyage breki na utikise tena. Plei ikipotea, ni beringi za gurudumu. Ikibaki, ni beringi za kingpini. Ukiitikisa kwa kuishika kushoto na kulia, unakagua ncha za tairodi, rodi inayounganisha tairi mbili za mbele. Dakika 10 hizi zinafanywa kabla hujanunua chochote. Balansi ya tairi ndiyo ya mwisho, si ya kwanza.

Skrubu ya juu ya boksi ya steringi naweza kuikaza mwenyewe kupunguza plei? (Morogoro)

Unaweza, na wengi wamejiharibia boksi hivyo. Kama kila kitu kingine kimekaguliwa, legeza nati, kaza skrubu robo mzunguko isizidi, tairi zikiwa zimenyooka. Ukipitiliza, usukani unakwama katikati na haurudi, nawe utaniandikia tena kwamba gari linayumba.

Hilux Revo yangu nimewekewa spesa juu ya shokapu za mbele. Mtu wa alaimenti anasema bolti zimefika mwisho na namba bado nyekundu. (Mwanza)

Anasema kweli, mlipe. Hilux haina ekseli ya mbele ya kipande kimoja; marekebisho yote yanatoka kwenye bolti zenye kemu (kisahani ambacho tundu lake halipo katikati) za mkono wa chini, na kemu ina mwisho wake. Aliyekuuzia spesa ya sentimita 2.5 huenda hakukwambia kwamba shokapu imefungwa karibu na katikati ya mkono, kwa hiyo gari linapanda karibu mara mbili ya unene wa spesa. Ulidhani umepanda inchi 1, kumbe ni 2.

Njia ni mbili: punguza spesa, au nunua mikono ya juu iliyotengenezwa kwa magari yaliyopandishwa, ambayo inarudisha kasta. Kabla ya hapo hakikisha kemu zinazunguka kweli. Zikigandishwa na kutu na matope, anayezungusha spana anaona "mwisho" ambao si mwisho. Kagua na bushi zinazoshika raki ya steringi: zikilegea, raki yote inahama pembeni kabla tairi hazijageuka.

Na kama chini ya spesa hiyo una koili ndefu pia, toa kimoja leo. Viwili pamoja vinavuta boljointi ya juu hadi mwisho wake kila tairi inaponing'inia, na boljointi ikichomoka huna usukani.

Pikapu yangu (79 pia) ikiwa tupu inahangaika barabarani. Nikipakia magunia 8 ya mahindi inatulia kama basi. Kwa nini? (Mbeya)

Hili ndilo swali bora la mwezi, kwa sababu umeshafanya kipimo bila kujua. Mzigo unashusha nyuma, pua inainuka, na chasi nzima inazilaza kingpini nyuma. Kutoka ekseli hadi ekseli 79 ya kebini moja ina milimita 3,180. Nyuma ikishuka milimita 55, umeongeza digrii 1 ya kasta. Yaani gari lako linakwambia linakosa digrii hiyo likiwa tupu.

Sasa chungulia nyuma. Mtu kakuwekea shakeli ndefu au springi za kubebea tani huku wewe siku nyingi unatembea mtupu? Basi mkia umeinuka na umekula kasta ya mbele. Rudisha shakeli fupi kabla ya kununua bushi. Ukiwa huko, kaza yubolti na kagua bushi za springi. Ekseli ya nyuma inayocheza inaendesha gari kutokea nyuma, na hakuna mashine ya alaimenti ya mbele itakayoiponya.

Tairi zangu mpya ni 285/75R16 za matope. Upepo niweke wa kwenye kibandiko cha mlango? (Eldoret)

Kibandiko ni cha tairi zilizokuja na gari. Chora mstari mnene wa chaki kukata uso wa tairi, endesha mita 100 ukiwa umenyooka kwenye lami, shuka uangalie. Chaki ikifutika katikati tu, upepo umezidi. Ikibaki katikati na kufutika pembeni, ongeza. Fanya hivyo ukiwa na uzito unaotembea nao kawaida.

Mashine ya alaimenti iko kilomita 150 kutoka hapa. Toini naweza kuipima nyumbani? (Mpanda)

Ya ekseli ya kipande kimoja, kama ya 79, ndiyo, na kwa usahihi. Inua gurudumu la mbele, lizungushe, na kwa msumari ulioegemezwa kwenye gogo uchore mstari mwembamba kuzunguka uso wa tairi. Fanya pande zote mbili. Shusha, sukuma gari mbele mita 5 likae sawa, usilirudishe nyuma. Pima kati ya mistari mbele ya tairi, kisha nyuma yake, kwa urefu uleule kutoka chini. Mbele kuwe kufupi kwa milimita 1 hadi 2. Kukiwa kurefu, gari litayumba hata kasta ikiwa nzuri.

Legeza klemu za tairodi, zungusha bomba lake kwa spana ya bomba, robo mzunguko kwa mara moja, sukuma tena mita 5, pima tena. Ukimaliza na usukani ukakaa kombo, unyooshe kwa rodi inayotoka kwenye boksi. Anayeng'oa usukani na kuurudisha kwenye meno mengine ameisogeza boksi nje ya katikati yake, na huko nje plei ni kubwa zaidi.