Muuza Ndizi wa Stesheni

SWALI: Shikamoo, mzee wetu. Yule mama unayemwimba katika wimbo wako wa stesheni ya Moshi, alikuwepo kweli? Msomaji, Majengo, Moshi.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Alikuwepo, ingawa hakuwa msafiri kama wengi wanavyodhani, bali muuza ndizi aliyekaa na sinia lake kando ya reli ile iliyofika hapa kutoka Tanga mwaka 1911, akiwaita abiria kwa sauti ya kuvuta ambayo niliigeuza kuwa kiitikio bila kumwomba ruhusa, jambo linalonisuta hadi leo. Ubeti wa barua niliubuni tu ili vina vikae sawa. Alipousikia wimbo redioni alicheka, akasema nimekosea bei ya ndizi. Tangu hapo naimba bei aliyoitaja yeye.