Muulize Fundi wa AC: "Gesi imeisha", imeenda wapi?

Shikamoo fundi. Nina AC ya ukutani, kila miezi mitatu minne inaacha kupoza, fundi anakuja anasema gesi imeisha, anajaza, inapiga kazi vizuri wiki kadhaa afu tunarudi palepale. Hivi hizi mashine zinakula gesi kiasi gani jamani, au niliuziwa kimeo?

Marahaba. AC haili gesi. Sio petroli ile kwamba inaungua inaisha, inazunguka mlemle ndani ya mabomba, mara kimiminika mara mvuke, na mashine ikifungwa vizuri inaweza kukaa miaka na miaka na gesi yake ileile ya kiwandani. Ikipungua imevuja, na kama imevuja kuna tundu, sasa huyo anayekuongezea bila kutafuta tundu anajaza maji kwenye ndoo iliyotoboka na we unamlipa kwa kila ndoo.

Mi naanzia kwenye zile nati, pale bomba la shaba linapoungana na mashine. Gesi ikitoka inatoka na mafuta kidogo ya kompresa (ile pampu inayosukuma gesi izunguke), kwaiyo ukikuta sehemu ina mafuta mafuta na vumbi limegandia hapo, nusu ya kazi imeisha. Kama haionekani natoa gesi iliyobaki naiingiza kwenye mtungi (sio kuiachia hewani!), napiga naitrojeni kwa presha, napaka povu la sabuni, afu natulia naangalia wapi panatoa mapovu. Na ni naitrojeni, sio oksijeni, maana kuna watu wanavuta mtungi wa oksijeni wa kuchomelea kwa vile uko karibu, oksijeni ikikutana na mafuta kwenye presha ni bomu.

Ila kabla hujagombana na mtu, toa filta uiangalie. Filta ikiziba vumbi hewa haipiti, bomba la ndani linaganda barafu, na AC inaacha kupoza kama vile gesi imepungua. Nishaitwa mara nyingi tu "kuja kujaza gesi", nikaosha filta nikaondoka.

Kaka fundi, nimekaa chini ya bosi miaka 4, mwaka huu nimepata leseni yangu nikaanza kujitegemea. Shida wateja wananikimbia, mtu anakwambia kuna jamaa anafunga AC kwa nusu ya bei yako na anamaliza kwa saa moja. Nishushe bei au nifanyeje?

Hongera mdogo wangu. Bei usishushe, ila jifunze kumwonyesha mteja hiyo saa moja imepatikanaje. Naijua kwa sababu na mi nilikuwa mtu wa saa moja. Tulikuwa hatufanyi vakyumu, yaani kunyonya hewa na unyevu wote kwenye mabomba kwa pampu kabla ya kuachia gesi, unafungua valvu kidogo, gesi inasukuma hewa inatoka fyuuu, unakaza nati, kazi imekwisha, lete hela. AC inapoza siku hiyo na mteja anakusifia. Kumbe unyevu umebaki ndani, unachanganyikana na mafuta, inatengenezeka asidi, asidi inakula nyaya za mota ya kompresa polepole. Kuna moja nilifunga hivyo kwenye ofisi ya watu, haikumaliza mwaka wa pili, kompresa imekufa, na kwa kuwa leseni na sahihi vilikuwa vyangu nilinunua nyingine kutoka mfukoni mwangu. Faida ya kazi kama tano hivi ilienda na maji.

Toka hapo nashusha vakyumu chini ya mikroni 500 (kipimo cha hewa iliyobaki ndani, namba ikiwa ndogo ndo vizuri), nafunga valvu, nazima pampu, nasubiri. Namba ikianza kupanda kuna tundu au kuna unyevu, hakuna cha kujadili. Mteja akiniuliza mbona umekaa tu namwita anaangalia geji na mimi. Kingine, kwenye begi langu nina vipande viwili vya bomba la shaba nimevipasua kwa urefu. Kimoja nilichomelea huku naitrojeni inapita ndani taratibu, kiko safi kinang'aa, kingine nilichomelea kavukavu, ndani kuna magamba meusi ukikwangua kwa kucha yanabanduka. Namwambia mteja haya magamba ndo yanaenda kuziba mashine yako. Sijawahi kuhitaji maneno mengi baada ya hapo, wengine wanaondoka hata hivyo, waache.

Andika kila kitu: modeli, namba ya mashine, gramu za gesi ulizoweka, umefanya nini umeacha nini. Kuja kukagua tu kuwe na malipo yake, useme kwenye simu kabla hujatoka. Na ukubwa wa mashine upige hesabu, usikubali tu kwa vile mteja anataka kubwa, tani moja ya kupoza ni BTU 12,000 kwa saa (BTU ni kipimo cha joto linaloondolewa), na mashine iliyozidi chumba inawaka inazima inawaka inazima, chumba kinakuwa cha baridi lakini kina unyevunyevu. Msimu wa joto simu zitakuua, msimu wa baridi utakaa unapiga miayo, kwaiyo tafuta mikataba ya sevisi ya maofisi na uiombee tarehe za kipindi kile kazi zimepungua.

Halafu leseni usimwazimishe mtu. Watakuja na maneno matamu, "tupe tu jina lako tuombee tenda, kazi tutafanya sisi". Nyumba ikishika moto kwa waya waliounga wao, anayeitwa ni we.

AC yangu ya zamani inatumia gesi ya R-22. Naweza kuweka gesi ya R-32 kwa vile nasikia ndo nzuri kwa mazingira?

Hapana kabisa. Presha ya R-32 iko juu mno kwa mashine hiyo, mafuta yake ni tofauti, na inaweza kushika moto japo sio kirahisi. Ni kweli R-22 inatoboa ozoni, ndo maana inaondolewa sokoni kupitia Mkataba wa Montreal wa 1987. R-410A iliyofuata haigusi ozoni ila kwa kupasha dunia joto inazidi hewa ukaa kama mara 2,088, R-32 ni kama mara 675, kwaiyo ni nafuu kweli, ila kwa mashine iliyotengenezwa kwa ajili yake. Yako itunze, ikifa nunua mpya.

Tukiwasha hita ya gesi usiku tunaamka na kichwa kinauma na kichefuchefu, mchana tukitoka nje kinapona. Ni baridi?

Sio baridi. Zima hiyo hita sasa hivi, fungua madirisha, tokeni nje wote na mwende hospitali mkaeleze hivyohivyo mlivyoniandikia. Hiyo inafanana na kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na inaua watu wakiwa wamelala. Mara nyingi ni bomba la moshi limeziba au limeachia, au bana (pale gesi inapowakia) inawaka vibaya, ukiona moto wa njano badala ya bluu ni dalili, ila moto kuwa bluu usikufanye ujione salama. Muite mtu mwenye leseni ya gesi, wekeni na kengele ya kaboni monoksaidi karibu na mnapolala, na hata kama usiku utakuwa na baridi kali vipi msiiwashe tena kabla haijakaguliwa.