Bonasi za kadi za mkopo na nauli ya familia kwenda nyumbani Desemba

Dada uliyeuliza kama ni kweli familia ya watu watano inayoishi hapa Marekani kwa mishahara ya kawaida inaweza kwenda Dar Desemba ya mwakani kwa bonasi za kadi za mkopo, yaani pointi ambazo benki humpa mteja mpya akifikisha kiwango fulani cha matumizi: ni kweli, ila mara nyingi si kwa siti zote tano. Sisi tumeshaenda hivyo zaidi ya mara moja. Nakuandikia kwa kirefu kwa sababu wengi waliokujibu wameanza na majina ya kadi, wakati kadi ndiyo ya mwisho kufikiria.

Anza na kalenda. Mashirika mengi hufungua siti kama siku 330 hadi 360 kabla ya safari, na zile za kulipia kwa maili (pointi za shirika la ndege, ambazo pointi za benki hugeuzwa kuwa hizo) kuelekea kwetu Desemba zinawahiwa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya pointi zako inatakiwa iwe tayari kuanzia Januari au Februari ya mwaka wa safari, na za kadi ya mwisho zifuate muda mfupi baadaye. Rudi nyuma kutoka hapo. Sasa hivi ni Aprili: wewe unachukua kadi ya kwanza, mumeo anachukua yake Julai, wewe tena Oktoba, naye anamalizia Januari. Kadi nne, mbili kila mtu, na wakati wowote kuna kadi moja tu inayotafuta kukamilisha kiwango chake cha matumizi. Kama kadi yako ina mpango wa kualika, mumeo aombe kupitia kiungo chako, na wewe utapata pointi za ziada.

Usimwongeze mumeo kama mtumiaji wa ziada kwenye kadi yako. Benki ya Chase wana utaratibu unaojulikana kama 5/24: ukiwa na kadi mpya tano au zaidi ndani ya miezi 24, za benki yoyote ile, kwa kawaida wanakukatalia. Kadi ambayo yeye ni mtumiaji wa ziada tu inaweza kuhesabiwa kwake, na hata baadhi ya zile kadi za maduka unazoshawishiwa kuchukua ukiwa kwenye foleni ya kulipa. Ndiyo maana wengi huanza na Chase kabla ya benki nyingine. American Express wao kwa kawaida hutoa bonasi ya kadi moja mara moja tu maishani, kwa hiyo ukiona ofa yao ni ndogo, subiri ikue ndipo uombe.

Na kama mmoja wenu yuko nyumbani na watoto, hana mshahara, asijione hafai. Tangu 2013 kanuni za hapa zinaruhusu mtu mwenye miaka 21 au zaidi kuandika kipato cha nyumba ambacho kweli anaweza kukitumia, ukiwemo mshahara wa mwenzi wake. Akina mama wengi wa kwetu hawajui hili, na inaniuma, kwa sababu nusu ya bonasi za familia inabaki mezani.

Sasa hesabu. Chukua mfano wa siti ya kawaida inayogharimu pointi 100,000 kwenda na kurudi. Bei halisi hupanda na kushuka kila siku, huu ni mfano tu. Watu watano ni 500,000. Flying Blue, mpango wa maili wa Air France na KLM, hupunguza asilimia 25 kwa mtoto wa miaka 2 hadi 11, kwa hiyo kama watoto wako wote wako humo inashuka hadi 425,000. Bonasi nne za pointi 60,000 ni 240,000. Ongeza za mialiko na za matumizi yenyewe, utakaribia 270,000 hivi. Hizo zinatosha mtu mzima mmoja na watoto wawili, yaani 250,000, na chenji inabaki. Siti mbili zilizobaki mnazinunua kwa fedha taslimu.

Hapo kwenye kugawa ndipo penye kazi. Usiweke wazazi wote kwenye pointi halafu watoto kwenye tiketi za kununua. Mtoto anatakiwa awe kwenye tiketi iliyofungamana na mtu mzima. Vinginevyo mfumo unaweza kukataa, au ndege ikibadilishwa ratiba watoto wanahamishiwa safari nyingine peke yao. Wewe na watoto wawili kwa pointi, mumeo na mmoja kwa fedha, ndege ile ile siku ile ile, kisha upige simu shirika la ndege waandike kwenye kumbukumbu zao kwamba hizo tiketi mbili ni za familia moja.

Njia ziko mbili ninazozipenda. KLM wanapita Amsterdam hadi Kilimanjaro na Dar, na kule kuna lile punguzo la watoto, lakini juu ya maili kuna ada za shirika zinazoweza kuwa mamia ya dola kwa kila kichwa. Ethiopian wanapita Addis Ababa, na kutoka hapo wanakwenda Dar, Zanzibar, Kilimanjaro, Nairobi, Mombasa, Entebbe, Kigali na Bujumbura. Siti zao unaweza kuzilipia kwa maili za United au Aeroplan ya Air Canada, ambazo haziongezi ada ya mafuta. Watoto hawapati punguzo huko, ila fedha unayotoa mfukoni ni ndogo sana. Pigia hesabu zote mbili kwa watu wote, usiangalie siti moja. Pointi za Chase zinahamia kwenye mipango yote mitatu, Flying Blue, United na Aeroplan, pointi moja kwa maili moja. Na usihamishe kabla hujaiona siti yenyewe kwenye tovuti ya ule mpango unaotaka kuutumia, maana zikishahama hazirudi.

Kuhusu kadi yenyewe sina maneno mengi. Chase Sapphire Preferred ada yake ni dola 95 kwa mwaka, na mara nyingi imekuwa ikitoa pointi 60,000 au zaidi ukitumia dola 4,000 au 5,000 ndani ya miezi 3. Haina makato ya kutumia nje ya nchi, hivyo hata Kariakoo kwenye duka lenye mashine unaitumia. Inatosha kuanzia.

Nataka nikae kwenye hizo dola 4,000. Miezi mitatu inaanza siku benki ilipokubali maombi, siyo siku bahasha ilipofika. Ada ya mwaka haihesabiki, na kitu ukikirudisha dukani kinatolewa kwenye hesabu. Sisi karatasi iko kwenye mlango wa friji: jina la kadi, siku ilipokubaliwa, tarehe ya mwisho ya bonasi, kiasi kilichobaki, na mwezi wa ada ya mwaka. Kila Jumapili jioni mmoja anafungua simu na kusoma, mwingine anaandika. Bima ya gari ya miezi sita tunailipa mara moja, na kadi mpya tunaiombea karibu na mwezi huo. Chakula, mafuta, simu, umeme, kituo cha kulelea watoto kama hawaongezi makato. Kodi ya nyumba iulizie kwanza. Wengi wanakata karibu asilimia 3, na hapo faida inayeyuka.

Na kuna hili linalowaponza watu wetu hasa: kutuma pesa nyumbani. Mchango wa harusi umeingia kwenye grupu, mama anataka dawa, ada ya mdogo wako imefika, na wewe bado dola 900 hujafikisha kiwango. Unaona heri utume kwa kadi ya mkopo, upige ndege wawili. Usifanye hivyo. Benki nyingi zinahesabu kutuma pesa kama kutoa fedha taslimu: ada inakatwa papo hapo, riba inaanza kukimbia siku ile ile bila muda wa kupumua, na haiingii kwenye bonasi. Mambo yageuze. Kadi ilipe vitu vinavyoliwa na kutumika nyumbani kwako, halafu fedha ya mshahara iliyopata nafuu ndiyo uitume kutoka akaunti ya kawaida.

Bili lipeni yote kila mwezi, kwa makato ya moja kwa moja kutoka akaunti. Riba za kadi hapa ziko zaidi ya asilimia 20, na miezi michache ya kubeba deni inakula tiketi ya mtoto. Mwenye deni la kadi leo alimalize kwanza. Anayetafuta mkopo wa nyumba asifungue kadi yoyote mpaka akabidhiwe funguo. Na ndugu zangu mnaojiepusha na riba, hata ukilipa kwa wakati mkataba wenyewe una kipengele cha riba. Muulizeni shehe mnayemwamini kabla ya kusaini.

Wekeni pia fedha pembeni kwa vitu ambavyo pointi hazilipi. Wenye pasi za Marekani viza ya Tanzania ni dola 100 kila mmoja, watoto nao humo. Mkipanga kuvuka Zanzibar, wageni wanalipa bima ya lazima tangu Oktoba 2024, dola 44 kwa mtu mzima. Kwa watu watano viza peke yake tayari ni dola 500.

Tuandikie mnaondokea uwanja gani, na umri watakaokuwa nao watoto siku ya kusafiri, siyo wa leo. Kama mkubwa atakuwa ametimiza miaka 12 kufikia Desemba hiyo, Flying Blue watamhesabu mtu mzima, na huenda Ethiopian ikawa nafuu kwenu. Tutapiga hesabu hapa hapa.